Somo la Biashara: Mzigo Mdogo Ndani ya Kontena la Pamoja

Na Mwandishi Wetu, Kitengo cha Mawasiliano ya Kaunti

Katika kikao kimoja na wachongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka, mama mmoja aliyeketi safu ya nyuma aliinua mkono wakati wengine wakijiandaa kwenda kunywa chai. "Mwanangu," akasema, "wewe ni mtu wa kaunti, hebu nieleze. Mimi na mwenzangu wa vikapu tulipeleka mzigo Mombasa kwa lori moja. Wangu ulikuwa mdogo kuliko wake, hata mtoto angeona. Mbona mimi nilipimiwa kilo, yeye akapimiwa mita?"

Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza wakisubiri jibu. Sikuwa nalo. Nimesomea uandishi wa habari, si uchukuzi. Nikamwomba, "Mama, nipe muda niulize." Akakubali, lakini kabla ya kuketi akaongeza jambo ambalo liliniuma zaidi ya swali lenyewe. Mzigo wake wa pili, uliofuata huo, ulizuiliwa ng'ambo. Mawe hayakuwa na kasoro yoyote. Shida ilikuwa mbao za sanduku. Mnunuzi aliyekuwa akiagiza bakuli na vinyago kwake kila mwaka hajaandika tena.

Somo la toleo hili limetokana na maswali hayo mawili. Ni la mchongaji, msusi wa vikapu, kikundi cha akina mama chenye oda ya kwanza kutoka Ulaya au Marekani, na pia mwenye duka anayeagiza bidhaa kutoka ng'ambo na hana pesa za kujaza kontena zima.

Kontena lenye wenyewe wengi

Kontena la futi 20 lina urefu wa karibu mita 5.9 kwa ndani, upana wa mita 2.35 na kimo cha mita 2.39. Ukizidisha unapata mita za ujazo 33 hivi. Kwa sababu masanduku hayakai sawasawa kama matofali, nafasi inayotumika kweli huwa pungufu ya hapo. Mchongaji wa kawaida hana mzigo wa kujaza hata sehemu ya kumi ya nafasi hiyo, na kukodi kontena zima kwa ajili ya kreti mbili ni kusafirisha hewa.

Ndipo anapoingia mkusanyaji mizigo. Huyu hukodi kontena zima kutoka kampuni ya meli, akauza nafasi zake kidogo kidogo kwa watu wengi. Mzigo wako unapokelewa katika ghala lake Nairobi au Mombasa, unapimwa, unapangwa pamoja na ya wengine, kontena linafungwa lakiri na kupakiwa melini. Likifika ng'ambo, wakala wa huyo mkusanyaji hulifungua katika ghala lake na kila mwenye mali huchukua chake. Mawakala huita mzigo wa aina hii LCL. Kontena la mtu mmoja huitwa FCL. Ukisikia herufi hizo kwenye simu, usiogope. Ni tofauti ya matatu na teksi tu.

Na kama matatu ilivyo, safari yako inategemea abiria wenzako. Nitalirudia jambo hili mara kadhaa, kwa kuwa hasara nyingi za kontena la pamoja zinaanzia hapo.

Jibu la kilo na mita

Kontena linaweza kujaa kwa njia mbili. Linaweza kujaa nafasi, kama ulivyolijaza vikapu mpaka darini huku uzito ukiwa bado mdogo sana. Au linaweza kujaa uzito, kama ulivyopanga mawe hadi kiunoni na tayari limefika kiwango cha juu cha kubebwa, huku nusu ya juu ikiwa tupu. Mkusanyaji hataki hasara ya upande wowote. Kwa hiyo kipimo kimoja cha malipo ni mita moja ya ujazo au kilo 1,000, na unalipia ile iliyo kubwa zaidi kwa mzigo wako. Sheria ni moja kwa wote. Vikapu hulipa kwa nafasi na mawe hulipa kwa uzito.

Tuchukue mfano. Mama ana kreti mbili za mawe. Kila moja ina urefu wa mita 1, upana wa mita 0.8 na kimo cha mita 0.75, yaani mita za ujazo 0.6. Kila moja ina kilo 720. Jumla ni mita za ujazo 1.2 na kilo 1,440. Kilo zimeshinda, basi atalipia vipimo 1.44. Mwenzake ana katoni sita za vikapu, kila moja ya mita 0.8 kwa 0.6 kwa 0.6, yenye kilo 24. Jumla ni mita za ujazo 1.728 na kilo 144 tu. Hapa nafasi imeshinda, basi atalipia vipimo 1.728. Tuseme bei ya safari ya bahari ni dola 80 kwa kipimo (nimeichagua kwa ajili ya hesabu tu, bei halisi hubadilika kila mara). Mama wa mawe atalipa dola 115.20 na mwenzake dola 138.24. Kumbe wa vikapu ndiye aliyelipa zaidi! Mama wetu alidhani ameonewa kwa sababu aliona neno "kilo" kwenye risiti yake pekee.

Kwa msusi wa vikapu, hesabu hii inafundisha jambo moja kubwa: pesa zake zinaliwa na hewa iliyo ndani ya kikapu. Vikapu vya ukubwa tofauti vikitumbukizwa kimoja ndani ya kingine, mzigo ule ule unaweza kupungua ujazo vizuri. Kwa mchongaji, kubana sanduku hakumsaidii. Uzito uko pale pale.

Lakini kuna mtego mwingine ambao mama hakuuliza. Wakusanyaji wengi wana kiwango cha chini, na mara nyingi ni kipimo kimoja. Ukileta kreti moja ya kilo 350, unalipa kana kwamba ni kilo 1,000. Wachongaji watatu wenye kilo 350 kila mmoja, wakienda kila mtu kivyake, watalipa vipimo vitatu: dola 240 kwa bei yetu ya mfano. Wakiungana wakapeleka mzigo mmoja wa kilo 1,050, kipimo ni 1.05 na malipo ni dola 84. Juu ya hapo kuna ada za hati na forodha, ambazo hazijali kama una katoni moja au kumi. Hizo nazo wanalipa mara moja badala ya mara tatu. Sharti ni kwamba mzigo uende kwa mnunuzi mmoja, au wanunuzi wenyewe wakubaliane nani atapokea na kugawa. Vikundi vyetu vimezoea kuchanga pesa za chama kila wiki. Kuchanga kreti hakuna ugumu zaidi ya huo.

Je, si afadhali ndege? Kwa vikapu vichache vya haraka, pengine. Shirika la ndege nalo lina kipimo chake cha nafasi: kwa kawaida mita moja ya ujazo huhesabiwa kama kilo 167 hivi. Katoni zetu sita za vikapu zingehesabiwa kama kilo 288, ingawa mizani inasema 144. Mawe yangelipiwa kilo zote 1,440, kwa bei ya kilo ya ndege. Mawe ni mali ya bahari.

Sema uzito wa kweli

Kwa kuwa mawe hulipiwa kwa uzito, kishawishi ni kuandika kilo pungufu kwenye karatasi. Tangu tarehe 1 Julai 2016, chini ya kanuni za kimataifa za usalama wa maisha baharini, hakuna kontena linaloruhusiwa kupakiwa melini bila uzito wake kuthibitishwa. Kanuni hiyo haikutoka hewani. Januari 2007 meli MSC Napoli ilipasuka ubavu katika bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa. Wachunguzi walipopima makontena 660 yaliyokuwa juu ya sitaha, 137 yalikuwa na uzito uliotofautiana na ulioandikwa kwa zaidi ya tani 3. Meli hupangwa kwa kutumia namba zilizo kwenye karatasi, na namba za uongo humchanganya nahodha.

Kwa mzigo wa pamoja, anayethibitisha uzito wa kontena ni mkusanyaji, naye hutegemea pia takwimu mlizompa ninyi wenye mali. Ukidanganya, kontena linaweza kuachwa bandarini pamoja na mzigo wa watu kumi na tisa wasiokujua. Pima mwenyewe kabla hujaondoka Kisii. Mizani ya muuza nafaka sokoni inatosha ukipima katoni moja moja.

Mbao zilizomponza mama

Sasa tufike kwenye sanduku. Wadudu wanaotoboa miti husafiri ndani ya mbao mbichi, na nchi nyingi zimepata hasara ya misitu kwa sababu hiyo. Tangu 2002 kuna kiwango cha kimataifa kiitwacho ISPM 15 kinachohusu mbao za kufungashia: kreti, paleti, hata vipande vya kuzuia mzigo usiteleze. Kwa njia ya joto, mbao hizo lazima zipashwe mpaka kiini chake kifike nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. Zikishatibiwa hugongwa mhuri wenye alama ya suke la ngano, herufi za nchi (kwetu ni KE), namba ya aliyezitibu, na herufi za njia iliyotumika, HT kwa joto. Hapa nchini msimamizi ni KEPHIS, nao ndio wa kuulizwa ni nani wameidhinishwa kutibu mbao.

Fundi seremala wa kijijini, hata awe hodari namna gani, hawezi kugonga mhuri huo. Akikutengenezea kreti ya mgrivilea uliokatwa wiki iliyopita, kreti hiyo haina ruhusa ya kuingia Marekani wala nchi za Umoja wa Ulaya. Mkaguzi hatajali uzuri wa bakuli zilizomo. Ataamuru mbao ziondolewe, mzigo urudishwe au uharibiwe, kutegemea sheria za nchi yake. Na kwa sababu ni kontena la pamoja, wengine nao watasubiri. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama wa Tabaka. Wakala aliyepokea kreti zake hakumwambia lolote kuhusu mhuri, akazipakia na kuchukua malipo. Mnunuzi alipopelekewa gharama za kuzuiliwa, alikasirikia Tabaka, hakumkasirikia wakala.

Kuna njia rahisi ambayo wengi hawaijui. Plaiwudi haihitaji mhuri huo, kwa kuwa imetengenezwa kwa gundi, joto na shinikizo, na mdudu hawezi kuishi ndani yake. Sanduku la plaiwudi linakubalika. Lakini likikazwa kwa miti ya kawaida pembeni au kuwekwa juu ya paleti ya mbao, vipande hivyo vinahitaji matibabu na mhuri. Seremala aelezwe hivyo mapema, kabla hajaanza kupiga misumari.

Na ndani ya sanduku? Zamani wengi walijaza nyasi kavu au majani makavu ya migomba kati ya vinyago. Ni ya bure na ni laini. Acha. Nyasi na majani ni mimea, na mkaguzi wa mimea akiyaona atafikiria mbegu na wadudu. Tumia magazeti yaliyokatwakatwa, maboksi yaliyokunjwa au plastiki yenye mapovu. Kila kipande kifungwe peke yake, maana jiwe likigongana na jiwe, lile lenye shingo nyembamba ndilo huvunjika: twiga, korongo, wapendanao waliokumbatiana. Pia hakikisha mawe yaliyooshwa baada ya kupigwa msasa yamekauka kabisa kabla ya kufungwa. Kontena hupata joto mchana na baridi usiku, na unyevu uliofungiwa humo hugeuka matone na kuota ukungu kwenye karatasi na kwenye vikapu vya jirani.

Wasusi wa mkonge na nyuzi nyingine za mimea wana la ziada: baadhi ya nchi hudai cheti cha afya ya mimea kwa bidhaa zao. Uliza KEPHIS ukitaja nchi unayopeleka, maana masharti hayafanani.

Karatasi yako ina jina la nani?

Mzigo unapopokelewa kwa safari ya bahari hutolewa hati ya shehena, ile mawakala huita B/L. Katika kontena la pamoja kuna hati za ngazi mbili. Ya kwanza hutolewa na kampuni ya meli kwa mkusanyaji. Katika hiyo, jina lako halimo. Machoni pa kampuni ya meli, kontena hilo lina mwenyewe mmoja tu. Ya pili hutolewa na mkusanyaji kwako, ikionyesha jina lako, jina la mpokeaji, idadi ya vifurushi, uzito na ujazo. Hii ya pili ndiyo hati yako ya mali. Risiti ya ghala au picha ya kreti kwenye WhatsApp haiwezi kuchukua nafasi yake.

Hati hiyo ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Iwapo imetolewa kwa nakala asili, mpokeaji ng'ambo kwa kawaida hawezi kukabidhiwa mzigo bila kuonyesha nakala asili mojawapo. Maana yake ni kwamba muuzaji ambaye hajalipwa yote anaweza kukaa na hati mpaka salio liingie benki, ndipo aitume. Lakini mnunuzi akikuomba uagize mzigo uachiliwe bila hati asili, kwa ujumbe wa wakala tu, fahamu kwamba unaachia kamba uliyoishika. Kwa mnunuzi wa miaka kumi, sawa. Kwa mtu uliyejuana naye mwezi uliopita kupitia simu, ningesita.

Hatari nyingine iko kwa mkusanyaji mwenyewe. Ikiwa hajailipa kampuni ya meli, kontena halitaachiliwa, hata kama ninyi nyote mmemlipa yeye. Ndiyo maana bei iliyo chini mno kuliko za wengine inapaswa kukufanya uulize maswali mengi kabla ya kushukuru.

Kuhusu bei hizo za chini, kuna desturi ya biashara hii inayowaumiza wageni. Wakala anakutajia nauli ya bahari iliyo ndogo ajabu, wakati mwingine karibu ya bure. Unafurahi. Mzigo ukifika, wakala mwenzake wa upande wa pili anamtolea mpokeaji bili ya kufungua kontena, ya ghala, ya hati na ya kushughulikia, na jumla yake inazidi nauli yenyewe mara kadhaa. Faida iliyopunguzwa huku imerudishwa kule. Mnunuzi mwenye duka dogo la zawadi huko Ulaya akikutana na bili hiyo mara moja, hesabu yake ya bakuli zako inavunjika. Kwa hiyo, kabla ya kukubali, omba bei iliyoandikwa ya pande zote mbili: gharama zote za huku na gharama zote za kule, kwa kipimo na kwa hati. Mkusanyaji asiyetaka kuandika gharama za kule, mtafute mwingine.

Mkubaliane pia na mnunuzi ni wapi wajibu wako unaishia. Oda nyingi huandikwa FOB Mombasa, maana yake unabeba hatari mpaka mzigo upakiwe melini. Kwa kontena la pamoja hili lina kasoro: unakabidhi kreti ghalani leo, zinakaa siku kumi zikisubiri kontena lijae, na kama zitaibiwa au kunyeshewa humo, hasara bado ni yako ingawa huna mamlaka juu ya ghala. Kuna kifungu kingine kiitwacho FCA, ambapo wajibu wako unaweza kuishia pale unapokabidhi mzigo kwa mkusanyaji aliyechaguliwa na mnunuzi. Kwa mchongaji mdogo, nadhani hicho ndicho cha kuombwa. Mnunuzi mzoefu hatashangaa.

Hati nyingine hazina ugumu mwingi: ankara, orodha ya vilivyomo katika kila kreti, tamko la forodha linalowasilishwa na wakala wa forodha mwenye leseni, na cheti cha asili ya bidhaa. Hicho cha mwisho kisisahauliwe. Mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, nao unaruhusu bidhaa zenye asili ya Kenya kuingia huko bila ushuru wa forodha. Uingereza ina mkataba wake na Kenya tangu 2021. Bila uthibitisho wa asili, mnunuzi hawezi kudai nafuu hiyo. KRA wataeleza ni uthibitisho gani unaotakiwa kwa kila soko.

Bima, na kisa cha Suez

Wachongaji wengi niliozungumza nao hawakati bima ya bahari, wakisema mawe hayaozi. Mzigo ukipotea, mkusanyaji na kampuni ya meli hulipa fidia yenye kikomo kinachohesabiwa kwa kifurushi au kwa kilo, na kazi ya mikono haina bei ya kilo. Ukikata bima, fahamu kwamba kampuni za bima kwa kawaida hazilipi uharibifu uliotokana na kufungasha vibaya. Piga picha kreti ikiwa wazi, kila safu, kabla ya kuifunga.

Lakini sababu kubwa ya bima ni nyingine. Tarehe 23 Machi 2021 meli Ever Given ilikwama katika Mfereji wa Suez na kuufunga kwa siku sita, ikiwa na makontena zaidi ya 18,000. Mwenye meli alitangaza kile ambacho sheria ya bahari hukiita hasara ya pamoja. Ni kanuni ya kale sana: gharama za kuiokoa safari hugawanywa kati ya mwenye meli na wote wenye mali ndani yake, kwa kadiri ya thamani ya mali ya kila mmoja. Haijalishi kama mzigo wako haukuguswa. Mwenye bima aliachia kampuni yake itoe dhamana. Asiye na bima alidaiwa aweke pesa taslimu kwanza ndipo apewe mali yake, hata kama mali hiyo ilikuwa katoni tatu ndani ya kontena la pamoja. Meli yenyewe haikuondoka Misri mpaka Julai.

Kuhusu muda, usimwahidi mnunuzi tarehe ya meli ukidhani ndiyo tarehe ya mzigo. Kontena la pamoja husubiri kujaa, mara nyingi hushushwa na kupakiwa meli nyingine katika bandari ya kati kama Salalah au Jebel Ali, na likifika hufunguliwa ghalani kabla ya forodha. Tangu mwisho wa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni nyingi za meli kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari kati ya Asia na Ulaya zikaongezeka siku kumi au zaidi. Mwenye oda ya Krismasi anayeanza kuchonga Septemba amechelewa.

Kwa wenye maduka wanaoagiza

Kwa upande wa kuingiza bidhaa nitakuwa mfupi, maana tutaandika makala kamili. Kipimo ni kile kile, hati ni zile zile. Tofauti ni ushuru. Bidhaa hutathminiwa kwa thamani yake pamoja na nauli na bima mpaka bandarini. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki una viwango vya asilimia 0, 10, 25 na 35, ukiacha bidhaa chache zenye viwango vyake maalum. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5, na tozo ya maendeleo ya reli, iliyopanda kutoka asilimia 1.5 hadi 2 mwishoni mwa Desemba 2024. Bidhaa nyingi pia hutakiwa kukaguliwa zikiwa bado nchi zinakotoka, chini ya mpango wa KEBS, na kupewa cheti cha ubora.

Wakusanyaji wengine hukutajia bei moja ya kila kitu mpaka Nairobi. Ni rahisi, na ndiyo sababu inapendwa. Lakini uliza: tamko la forodha litakuwa kwa jina na PIN ya nani? Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT hawezi kudai kodi iliyolipwa mpakani kwa karatasi yenye jina la mtu mwingine. Na siku afisa akiingia dukani kuuliza bidhaa hizi ziliingiaje nchini, "nililipa kwa CBM" si jibu. Likiwemo boksi moja la dawa au simu zisizotangazwa katika kontena hilo, jeans zako zitakaa bandarini nalo, na gharama za ghala zinaendelea kuhesabiwa kila siku.

Nilirudi Tabaka na majibu haya. Mama alinisikiliza mpaka mwisho huku akiendelea kupiga msasa bakuli ndani ya beseni la maji, kisha akamtuma mjukuu wake amwite seremala. Nilipompigia simu kabla ya kuchapisha toleo hili, kreti nne za plaiwudi zilikuwa tayari, zake mbili na mbili za majirani, nao walikuwa bado wanabishana jina la nani liandikwe kwenye hati. Alitaka pia kujua kama paleti yenye mhuri inaweza kununuliwa ikiwa imeshatumika. Nilimwelekeza aulize KEPHIS kabla ya kuilipia, kwa sababu paleti iliyotengenezwa upya kwa vipande vya mbao zisizotibiwa haihesabiwi tena kuwa imetibiwa, hata kama mhuri wa zamani bado unasomeka.